Bandu Bandu Humaliza Gogo: Tuvichunge Vichwa vya Watoto

Wapenzi wa kandanda huenda wakaniona mchokozi leo. Nikipita viwanjani baada ya alasiri, hapa Mombasa na hata Malindi, nawaona watoto wa miaka minane, tisa, wamepangwa safu na mwalimu wao, kila mmoja akirushiwa mpira aupige kwa kichwa. Aogopaye huchekwa. Mimi sicheki, na sababu ninayo.

Tumezoea kuliogopa pigo kubwa, la mtoto kuanguka akazimia. Pigo dogo hatulihesabu. Lakini ubongo umo fuvuni kama kiini ndani ya yai. Kishindo huutikisa hata kama ngozi haikuchubuka.

Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, waliwapa wachezaji mpira waupige kwa kichwa mara 20. Walipopimwa papo hapo, uwezo wao wa kukumbuka katika majaribio ulikuwa umepungua kwa asilimia kati ya 41 na 67. Baada ya siku moja ukarejea. Haya, si umerejea? Naam, lakini apigaye kila siku, ubongo wake utapumzika lini?

Mwaka 2019 wataalamu wa Glasgow waliona kuwa wanasoka wa zamani wa kulipwa wa Uskoti wamekufa kwa maradhi ya kuchakaa ubongo kiasi cha mara tatu na nusu kuliko watu wengine. Mwaka 2021 wakaona walioathirika mno ni mabeki, hali makipa, ambao ni nadra kupiga kichwa, walikuwa sawa na watu wa kawaida. Mwenye macho haambiwi tazama.

Wenzetu hawakungoja. Chama cha kandanda cha Marekani kilitangaza mwaka 2015 kuwakataza watoto wasiozidi miaka 10 kupiga kichwa. Mwaka 2020 vyama vya Uingereza na Uskoti vikayaondoa mazoezi hayo kwa watoto wa shule za msingi.

Kwetu sisi Waislamu hoja hii si ngeni. Maulamaa wametaja mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Ulevi uliharamishwa kwa kuilinda akili. Na mtoto huyu wa kiwanjani, baada ya magharibi yuko chuoni mbele ya maalim, anahifadhi sura. Kichwa ni kile kile.

Sisemi mpira uachwe. Mchezo ni afya. Nasema wasiotimiza miaka 12 wafundishwe miguu kwanza. Na mtoto aliyegongwa akaona kizunguzungu, au kichwa kikamuuma, atolewe na asirejeshwe siku ile, hata timu ikiwa inafungwa. Kombe likikosekana mwaka huu litatafutwa mwakani. Akili ya mtoto ni amana, na amana huulizwa.