Ua lako halina kiu, lina mafuriko!

Wiki hii nina neno na nyie mnaopenda maua ya sebuleni. Maua mengi ya ndani hayafi kwa kiu, yanakufa kwa kupendwa kupita kiasi. Usicheke, ndiyo hali halisi!

Cheki kisa hiki cha Nyasho, hapa hapa Musoma. Mke wa mshikaji wangu aliletewa ua na mama yake kutoka Butiama, lile la majani marefu yaliyochongoka kama panga, wengi wanaliita Sansevieria. Baada ya miezi miwili majani yakawa njano, yakalegea, yakaanza kulala. Lawama zote kwa binti wa kazi.

"Shemeji, huyu Jumamosi anarudi kwao Bunda," akaniambia. "Ua la mama linakauka, kumwagilia hataki!"

Nikachomeka kidole kwenye kopo. Lo! Tope tupu. Kuulizia, kumbe binti anamwagilia asubuhi, mama mwenye nyumba mchana, na baba akitoka kazini jioni naye anatupia kikombe. Kutwa mara tatu, kama vidonge vya hospitali! Tena maji yenyewe ya kununua kwa dumu.

Jamani, mizizi nayo inapumua. Hewa yake iko kwenye vitundu vya udongo. Maji yakijaa humo, hewa inatoka, mizizi inakabwa na kuoza. Mzizi uliooza haunyonyi maji, ndiyo maana ua linanyauka huku limesimama kwenye tope. Wewe ukiona limenyauka unaongeza maji. Hapo unalimalizia!

Utajuaje? Ua lenye kiu, udongo ni mkavu, kopo jepesi, majani yanakatika kama karatasi. Lililozidiwa, majani ya chini ni njano na laini, shina linabonyea, udongo unanuka, na vijidudu vidogo vyeusi vinarukaruka juu yake.

Tiba sasa. Ling'oe. Mzizi mzima ni mgumu. Uliooza ni wa kahawia au mweusi, unateleza. Kata wote uliooza kwa wembe safi. Kwa maua ya majani manene kama hili au alovera, yaache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke. Yenye majani membamba panda siku hiyo hiyo.

Toboa kopo chini kwa msumari, matundu matano au sita. Kokoto bila matundu ni kazi bure, maji yatabaki humo humo. Changanya udongo na mchanga mwingi. Ule mweusi wa mbugani, unaopasuka kiangazi, achana nao, unashika maji mno. Mbolea subiri mpaka lichipue.

La Nyasho tulilikuta limebakiwa na mizizi michache mizima, tukalipanda upya. Na binti hakupanda basi la Bunda. Bosi wake alimwomba radhi mbele yangu, safi sana.

Msidhani ni ushamba wetu. Kuna ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, asili yake milima ya Usambara, Tanga. Lilipewa jina hilo mwaka 1893, leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Na huko nako maji mengi ni muuaji wake mkubwa!

Sheria yangu ni rahisi. Nyumba moja, mwagiliaji mmoja. Chomeka kidole sentimita 5. Ukikuta unyevu, weka kikombe chini. La majani manene lisubiri mpaka kopo zima likauke. Msimu wa masika punguza zaidi, maana udongo unachelewa kukauka.

Na kabla hujamfokea mtu kwa ajili ya ua, chomeka kidole kwanza. Tukutane wiki ijayo!