Vijana wafundishwe mshipi, waache baruti



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu kuhusu uvuvi wa mshipi wa ufukweni kwa chambo cha bandia. Huenda wasomaji wakashangaa kuona mwalimu wa Sigi, huku milima ya Usambara, akizungumzia bahari. Lakini maji ya mto wetu ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani, wakazi wa Tanga wakayanywa, na mto ukaishia baharini. Vijana wetu nao hufuata njia hiyo hiyo wamalizapo darasa la saba.

Mmoja niliyemfundisha mwenyewe alirudi hapa hana kiganja cha kulia. Alikuwa amefuatana na wavuaji wa baruti. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza baruti na sumu, na ni haki, lakini katazo peke yake halimpi kijana kitoweo.

Mimi nilijifunza mshipi nilipokuwa chuo cha ualimu, nikienda pwani siku za likizo. Hauhitaji mtumbwi. Unafunga manyoya meupe ya jogoo kwenye ndoana, unatia chubwi, unasimama maji ya magotini wakati bahari inaanza kujaa. Unatupa kupita pale wimbi linapovunjika, kisha unavuta haraka bila kusita. Kolekole huwafukuza samaki wadogo mle mle kwenye povu. Akiona kitu cheupe kinakimbia, haulizi. Ukivuta polepole atakitambua. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi za mwambao wetu wimbi huvunjikia mbali, kwenye miamba, na ufukweni kukawa shwari. Basi tafuta midomo ya mito na mahali miamba ilipokatika. Kusi likivuma kwa nguvu usijisumbue, utavua mwani.

Sisemi kwamba mshipi utalisha kijiji kizima. Mara nyingi nimerudi mikono mitupu, wenzangu wakanicheka kwamba navua kwa manyoya kama Mzungu, kana kwamba wavuvi wetu wa mashua hawajui kurambaza!

Nawaomba maofisa uvuvi wafike mashuleni kuonyesha kazi hii, hata huku milimani, maana wapo wanaotia utupa mtoni na kuua mpaka vifaranga vya samaki. Kijana wangu yule nimemwahidi kumpeleka pwani likizo ya Desemba. Tumekwisha jaribu hapa mtoni: anatupa kwa mkono wa kushoto, na mshipi anauzungushia kwenye kigutu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Sigi, Tanga.