Afande, na wale waliokuwa pembeni je?

Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa kijijini Nyololo, Iringa, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu mno. Alikuwa kazini, na polisi walikuwa wamemzunguka. Ofisa mmoja alijaribu kumkinga, naye akajeruhiwa. Mwaka 2016 askari mmoja alifungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Mmoja tu! Wengine waliokuwepo je?

Kanuni za maadili ya polisi za Umoja wa Mataifa, za mwaka 1979, hazimkatazi askari kutumia nguvu kupita kiasi tu. Kifungu cha 8 kinamtaka pia azuie na kupinga ukiukwaji. Yule ofisa alifanya hivyo. Kusimama pembeni ukitazama nako ni kosa.

Lakini jamani, koplo atamshitaki mkubwa wake kwa nani, ikiwa malalamiko yanaishia kituoni? Wakenya walianzisha IPOA mwaka 2011, chombo cha kiraia cha kuchunguza polisi. Hakijamaliza mauaji, ila mlango wa kubisha upo. Nasi tuudai wetu, ukiwemo wa askari waadilifu.

Wadau, mnasemaje?