Sifuri maana yake "ndiyo", lakini nani aliandika?

Nimekuwa kimya kidogo. Huku kwetu Litein mvua ya alasiri ikija, umeme nao huenda zake, na kazi zangu nyingi za jioni zimelala. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu mimi mwenyewe.

Kwa wageni: emyuleta ni programu inayoifanya kompyuta yako ijifanye mashine nyingine. Mimi na kijana mmoja wa Sotik ninayemfundisha tunaandika moja ya kuiga ZX Spectrum, kompyuta ndogo ya Uingereza iliyotoka mwaka 1982, yenye prosesa ya Z80 inayokwenda megahezi 3.5. Mbona mashine ya zamani hivyo? Kwa sababu mtu mmoja anaweza kuielewa yote, kuanzia kibodi hadi skrini. Jaribu kufanya hivyo na simu yako!

Tuligawana kazi. Mimi prosesa, yeye chipu ya ULA inayochora skrini. Mara 50 kwa sekunde ULA huibishia prosesa hodi kupitia laini iitwayo INT, ili iache kidogo inachofanya na kwenda kuangalia kibodi. Ndani ya faili langu nilikuwa nimeandika maelezo haya: "int_laini: hali ya laini ya INT." Basi. Nikaona nimemaliza.

Kwangu 0 ilikuwa na maana kwamba volti imeshuka, yaani hodi inabishwa, kama ilivyo kwenye chipu yenyewe. Yeye, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, alichukulia kwamba 1 ndiyo hodi. ULA hubisha kwa mipigo 32 tu ya saa kati ya 69,888 ya kila picha. Kwa hiyo prosesa yangu ikasikia hodi karibu muda wote. Ikimaliza kuitikia moja inarudi kazini, na kabla haijatekeleza amri hata moja inaitwa tena. Mashine ikawaka, skrini ikafutika, ikakaa hapo kama imelala.

Kijana alitafuta kosa kwenye msimbo wake wiki mbili. Haukuwa na kosa. Siku aliyonipigia simu aliniambia, "Mwalimu, labda mimi sina kichwa cha kazi hii." Nilipoona tatizo liko wapi nilitamani kujificha majani ya chai.

Kwanza niwatetee waliotengeneza chipu, kwa maana mtu anaweza kudhani sifuri kuwa "ndiyo" ni wazimu. Ukiingia kiwanda cha chai, Kericho au Bomet, utaona kile kitufe chekundu cha kusimamisha mashine. Kwa kawaida umeme unapita ndani yake muda wote. Ukikibonyeza, au waya ukikatika, umeme unapotea na mota inasimama. Kukosekana kwa umeme ndiyo amri yenyewe. Kwenye chipu sababu ni nyingine: chipu za zamani za TTL zilikuwa hodari kuvuta laini chini, miliampia 16, lakini kuisukuma juu ziliweza 0.4 tu. Tena chipu kadhaa zinaweza kutumia laini moja, rezista ikiishikilia juu mpaka mmoja wao aivute. (Hapa waya ukikatika hakuna atakayejua kwamba hodi ilibishwa. Kiwanda kiko salama zaidi.)

Lakini angalia kile kitufe. Hakuna fundi aliyeandika juu yake "volti 0". Kimeandikwa kinachofanya. Wachora saketi huweka mstari juu ya jina INT kuonyesha kwamba inafanya kazi ikiwa chini. Kwenye kibodi ule mstari unapotea, wengine wanaandika nINT au /INT. Sawa, ila hilo linanieleza mguu wa chipu. Halinielezi kigezo kilichomo ndani ya programu.

Msimamo wangu: laini inayounganisha sehemu zetu wenyewe iandikwe kwa maana, kweli ni "inaita", siyo kwa volti. MAME, emyuleta iliyoanza mwaka 1997, ina ASSERT_LINE na CLEAR_LINE, 1 na 0, na hakuna hata moja inayotaja volti. Wapo watakaonipinga, wakitaka thamani zilingane na mchoro wa saketi. Nawaelewa, na kuna mahali nakubaliana nao. Kibodi ya Spectrum husomwa kupitia mlango namba 254, na herufi iliyobonyezwa hurudi kama 0. Hiyo siigeuzi, kwa sababu programu za mashine zinaisoma zenyewe. Ukiigeuza, zitaona vitufe vyote 40 vimebonyezwa isipokuwa kile ulichobonyeza.

Halafu kuna suala la muda. INT hutazamwa mwisho wa kila amri, kama bado iko chini. NMI hushtuka pale tu inaposhuka. Asiyeambiwa ataziandika sawa, na NMI yake itajirudia bila kikomo.

Maelezo mapya yanasema hivi: "int_inaita: kweli = ULA inaita prosesa. Kwenye chipu mguu uko chini wakati huo. Hutazamwa mwisho wa kila amri. ULA huiachia yenyewe baada ya mipigo 32, imeitikiwa au haikuitikiwa." Dakika tano.

Kijana amerudi, sasa anaandika sehemu ya sauti. Jana ameniuliza: biti ya 4 ikiwa 1, spika inasukumwa au inavutwa? Nikafungua faili langu kumwangalizia. Nimeandika: "biti ya spika."