Nano, sangara na kanuni za wenzetu

Nimepotea wiki kadhaa kwa sababu ya mizunguko ya kazi, na wale mnaofanya kazi magazetini mnaelewa ninachosema. Leo nimerudi na mada ambayo baadhi yenu mtaiona ya kisomi mno. Vumilieni kidogo, maana itatufikisha hadi Mwaloni Kirumba, kwenye samaki.

Mada yenyewe imeanzia nyumbani. Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Buhongwa. Ana ualbino. Juzi nilimpelekea losheni ya kuzuia jua, ile ya kutoka nje. Akaigeuza chupa, akasoma maandishi madogo ya nyuma kama kawaida yake, halafu akaniuliza: "Kaka, hii nano waliyoiweka kwenye mabano ni kitu gani? Nipake au nisipake?"

Mimi, mwandishi wa habari mwenye digrii ukutani, sikuwa na jibu. Nikafanya kile tunachokifanya siku zote, nikapiga simu. Ofisi ya kwanza ikanielekeza ya pili. Ya pili ikasema hilo ni suala la mazingira. Ya tatu ikasema kama ni la ngozi basi niende hospitali. Siku tatu zikaisha. Sitataja ofisi hata moja, kwa sababu walionipokea walikuwa wastaarabu na wala kosa si lao. Waliulizwa swali ambalo hakuna aliyewahi kuwaandalia jibu.

Basi nikakaa chini nikasoma mwenyewe. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000 hadi 100,000. Vitu tunavyoviita vya nano ni vile vyenye chembe za kati ya nanomita 1 na 100. Utamu wa jambo hili, na utata wake, ni kwamba kitu kikisagwa hadi kufika huko hubadilika tabia. Dhahabu tunayoijua sisi wa Kanda ya Ziwa ni ya njano, lakini chembe zake za nano zikielea kwenye maji huonekana nyekundu. Madini ya titani yanayotia weupe kwenye rangi ya ukuta, yakiwa nano, hayaachi weupe kwenye ngozi lakini yanaendelea kuzuia mionzi ya jua. Ndiyo maana yako kwenye losheni ya mdogo wangu.

Sasa kama kitu kinabadilika tabia, je, sumu yake haiwezi kubadilika? Hapo ndipo serikali zinapoingia. Mwaka 2008 watafiti walitoa matokeo ya majaribio kwa panya yaliyoonyesha kwamba nyuzi ndefu za kaboni za nano zinaweza kuwasha mwili kwa namna inayofanana na asbesto. Asbesto tunaijua, tumelala chini ya mabati yake. Dunia ilichelewa kuiwekea kanuni na watu wamekufa kwa sababu hiyo.

Wenzetu wa Ulaya hawakutaka kurudia kosa hilo. Tangu Julai 2013, kipodozi chochote chenye kiungo cha nano kinachouzwa kwao ni lazima kiandikwe neno hilo kwenye lebo. Mwaka huohuo Ufaransa ilianzisha daftari lake, ambapo kampuni inayozalisha, kuingiza au kusambaza gramu 100 tu za nano kwa mwaka ni lazima ijieleze. Gramu 100, wadau! Hiyo ni chini ya robo ya mfuko wa sukari wa nusu kilo. Kuanzia Januari 2020 sheria ya kemikali ya Umoja wa Ulaya ikadai taarifa za ziada kwa kila umbo la nano linalosajiliwa.

Kwa hiyo angalieni kichekesho hiki. Mdogo wangu wa Buhongwa alijua kwamba losheni yake ina nano kwa sababu Brussels waliamua hivyo, wakiwafikiria watu wao. Sisi tumepata taarifa kama jirani anayesikia redio kupitia ukutani.

Najua wapo watakaosema, "Achana na hayo, kanuni nyingi zinaua viwanda. Tunataka Tanzania ya viwanda, wewe unaleta urasimu." Hoja hii siidharau. Kila mwenye biashara hapa mjini anajua maana ya kuzungushwa kutafuta kibali. Lakini kama kuna mji nchini ambao haupaswi kuzungumzia kanuni kwa wepesi, ni huu wetu wa Mwanza. Sisi tumeshawahi kuuawa kiwanda na kanuni, na haikuwa kanuni yetu.

Mama yangu alikuwa mkata minofu katika kiwanda kimoja cha sangara. Aliingia miaka ya tisini wakati viwanda vilikuwa vinaota kama uyoga kando ya ziwa na minofu inapanda ndege kila siku kwenda Ulaya. Wakati huo Umoja wa Ulaya ulikuwa tayari na sheria yake ya afya ya mazao ya samaki, ya mwaka 1991. Sheria hiyo haikuwa siri. Mwaka 1997 likaja suala la salmonela, na mizigo ya nchi zetu ikaanza kupimwa kwa ukali. Mwishoni mwa mwaka huo kikaja kipindupindu, na samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji wakazuiwa hadi katikati ya 1998. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba vyakula vinavyouzwa kibiashara havikuwa hatari kubwa ya kueneza kipindupindu. Haikusaidia. Halafu ikaja 1999, ikasikika kwamba kuna wavuvi wanaovua kwa sumu za kuulia wadudu, na mlango ukafungwa tena.

Mimi nilikuwa na mwaka mmoja. Mama anasema waliambiwa warudi nyumbani, wataitwa. Hawakuambiwa lini. Alianza kuuza mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki baada ya minofu kukatwa, ila viwanda vikisimama hata mapanki yanaadimika. Mpaka leo akisikia neno "Ulaya" kwenye taarifa ya habari huwa anapunguza sauti ya redio.

Nilipokuwa chuoni nilidhani kisa hiki ni cha uonevu tu wa wakubwa. Sasa nadhani uonevu ulikuwepo, hasa kwenye lile la kipindupindu, ila haukuwa peke yake. Mwaka 1999 swali la Ulaya lilikuwa rahisi: tuonyesheni kwamba samaki wenu hawana sumu. Sisi hatukuwa na mfumo wa kupima na kuonyesha. Huenda samaki wetu walikuwa safi kabisa, lakini huwezi kwenda sokoni na neno "huenda". Tanzania ilipojipanga, ikakagua, ikapima na kupeleka majibu, mlango ulifunguliwa mwaka 2000. Leo pale Nyegezi ipo maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Laiti ingekuwa na nguvu hiyo miaka mitano kabla, pengine mama yangu asingerudishwa nyumbani.

Hili ndilo ninalotaka tulielewe, wadau. Kanuni yenyewe si adui wa kiwanda. Kinachoua kiwanda ni kanuni iliyoandikwa na mwingine, inayokuja ghafla, ikikukuta huna kipimo wala mtaalamu wa kukusemea.

Linganisheni na hili. Mei 2021 wataalamu wa chakula wa Umoja wa Ulaya walisema dioksidi ya titani, ile ile ya weupe, haiwezi tena kuhesabiwa kuwa salama ndani ya chakula. Mwaka 2022 ikapigwa marufuku kwenye pipi, keki na kadhalika. Viwanda vyao vilipewa miezi 6 ya kubadilisha viungo. Lakini kwenye losheni ya kupaka wakairuhusu ikiwa nano, hadi asilimia 25, ila si kwenye vipodozi vya kupuliza ambavyo mtu anaweza kuvivuta hadi kwenye mapafu. Yaani kitu kimoja kina majibu matatu, kutegemea kinaingia mwilini kwa njia gani. Na Uingereza, iliyokuwa imeshajitoa kwenye Umoja huo, ilisoma taarifa zilezile, wataalamu wake hawakukubaliana nazo, ikaendelea kuiruhusu kwenye chakula. Ukiwa na wataalamu na maabara, unaweza hata kumkatalia mkubwa na viwanda vyako vikaendelea.

Sisi tunasimama wapi? Tuna TBS, ambayo tangu 2019 imebeba pia chakula na vipodozi vilivyokuwa chini ya iliyokuwa TFDA. Tuna Mkemia Mkuu wa Serikali na Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003. Tuna NEMC na Sheria ya Mazingira ya 2004. Vyombo tunavyo. Ila sheria hizo zilitungwa kabla Ulaya yenyewe haijatoa tafsiri yake ya nano, mwaka 2011. Kemikali tumezoea kuiuliza jina lake na uzito wake. Nano inatudai swali la tatu: una ukubwa gani?

Na msidhani nano ni ya wazungu tu. Pale Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na vitu vya nano, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, kama floraidi. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Huyu ni Mtanzania, kiwanda chake ni cha nano, na bidhaa yake inaingia kwenye bilauri ya mtoto. Je, yeye na vijana watakaomfuata watapimwa kwa kipimo gani? Kama hakipo, tapeli mmoja atabandika neno nano kwenye ndoo yoyote, watu waugue, na imani ya wateja iporomoke kwa wote, wakweli na waongo.

Kuna na ziwa letu. Fedha ya nano inawekwa kwenye nguo na vifungashio kwa sababu inaua bakteria. Nguo zinafuliwa, maji yanatiririka, na fedha hiyohiyo ni sumu kwa vijidudu vidogo vya majini ambavyo samaki wadogo hula. Mwanza tunakunywa maji ya ziwa hili. Sijasema ziwa limeshachafuliwa na nano. Nasema siku mnunuzi wa sangara atakapouliza, tusirudi kwenye jibu la 1999.

Kwa mtazamo wangu, mambo matatu yangetosha kuanzia. Kwanza, lebo: bidhaa yenye nano iseme, kwa Kiswahili. Pili, maabara ya umma yenye uwezo wa kupima ukubwa wa chembe, ikiwezekana ikue kutoka kwenye hizi tulizonazo, na ada yake imwezeshe mjasiriamali mdogo. Hapa nisisitize, kwa sababu baada ya 2000 si kila mtu alirudi kwenye samaki. Waliosimama imara ni wenye mitaji ya vyumba vya baridi, vigae na wakaguzi. Kanuni isiyomfikiria mdogo humkabidhi mkubwa soko lote. Tatu, muda: kanuni itangazwe mapema na kiwanda kijue tarehe. Kama Mzungu wa pipi alihitaji miezi 6, Mswahili wa Igogo naye ni mtu.

Najua bajeti ni finyu na kuna madawati hayajafika shuleni. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta tumeshaujenga mara moja, kwa jasho la akina mama waliorudishwa nyumbani bila kuambiwa lini wataitwa.

Mdogo wangu nilimjibu hatimaye: paka, mdogo wangu, tena paka vizuri, ya kupaka si ya kupuliza, maana kwako jua ni hatari iliyo karibu zaidi. Akanishukuru. Halafu akauliza swali ambalo bado linanisumbua: "Kaka, na hii iliyotengenezwa hapahapa, mbona haijaandikwa chochote? Haina, au hawajaambiwa waandike?"

Swali hilo sikuweza kumjibu. Naliacha kwenu, na kwa wale wenye dhamana.

Naomba kutoa hoja.