Stenti ya Mguuni: Tupime Mguu, Si Picha

Mgonjwa aliyewekewa stenti mguuni huonyeshwa picha mbili: katika ya kwanza ateri imeziba, katika ya pili damu inapita. Picha hizo ni za kweli, na furaha ya ndugu zake ni ya haki. Hata hivyo, naona sisi madaktari tunazitegemea mno. Picha ya siku ile huthibitisha kwamba mshipa umefunguka; haisemi iwapo mwaka mmoja baadaye mgonjwa atakuwa angali anatembea kwa miguu yake miwili.

Wengi hudhani tiba ya kupanua mishipa ilianzia moyoni. La, ilianzia mguuni. Januari 1964, huko Portland, Marekani, Dkt. Charles Dotter alipanua ateri ya paja ya bibi wa miaka 82 aliyekataa katakata kukatwa mguu. Stenti hazikuwapo bado; alitumia mirija tu, na bibi yule aliendelea kutembea hadi alipofariki. Dotter hakusifiwa kwa picha, bali kwa mguu uliobaki.

Tangu hapo tumejifunza kwamba mahali stenti inapokaa ni jambo kubwa. Katika ateri za nyonga hudumu vizuri kwa miaka. Ateri ya paja, kwa upande wake, hujikunja na kubanwa kila mtu anapochuchumaa, anapopiga magoti au kuketi mkekani. Wavu wa chuma huweza kuvunjika, na ndani yake hukua tishu ya kovu inayorudisha mbano. Chini ya goti, stenti za kawaida hutumiwa kwa nadra, na puto ndilo hufanya kazi kubwa.

Kwa mguu ulio hatarini kukatwa, tafiti zenyewe hazikubaliani. BEST-CLI, iliyochapishwa mwaka 2022, ilionyesha kwamba kati ya wagonjwa wenye vena nzuri ya kupandikizwa, waliofariki au kupata madhara makubwa ya mguu walikuwa asilimia 42.6 kwa walioanza na upasuaji, na asilimia 57.4 kwa walioanza na tiba ya ndani ya mshipa. Mwaka uliofuata BASIL-2, iliyohusu ateri za chini ya goti, ikaleta matokeo ya kinyume. Daktari anayemhakikishia mgonjwa kwamba njia moja ni bora daima ameisoma nusu ya habari.

Na yule ambaye mguu humuuma atembeapo tu, asiye na kidonda? Utafiti wa CLEVER uliwahusu wagonjwa wenye mbano katika ateri za nyonga. Baada ya miezi sita, waliofanya mazoezi ya kutembea chini ya usimamizi waliongeza muda wa kutembea kuliko waliowekewa stenti, ingawa wa stenti walijisikia nafuu zaidi katika maisha yao. Mgonjwa anayelipa kutoka mfukoni anastahili kuambiwa yote mawili kabla ya kutia saini. Aambiwe pia kwamba stenti haifuti tumbaku, kisukari wala lehemu, na kwamba dawa zake hazikomi siku ya kuruhusiwa.

Pendekezo langu ni dogo. Kila kitengo kinachoweka stenti kiwe na daftari, na mgonjwa apigiwe simu baada ya miezi 12: kidonda kimepona? Unatembea umbali gani kabla ya maumivu? Dawa unazimeza? Umerudi kuzibuliwa tena, au umekatwa? Majibu hayo, hata yakituaibisha, tuyachapishe.