Dohani Kwanza, Moto Baadaye

Katika nyanda za juu za Tanzania, miezi ya Juni, Julai na Agosti huleta baridi ambayo wakazi wa pwani hawaifahamu. Huko Njombe, Mufindi, Makete na Lushoto blanketi peke yake halitoshi. Nyumba kadhaa za zamani katika sehemu hizo, na baadhi ya zile mpya, zina meko yaliyojengwa ukutani pamoja na dohani ya kutolea moshi. Mara nyingi mtumishi anayehamishiwa huko kutoka sehemu za joto hukabidhiwa nyumba ya namna hiyo bila ya kuelezwa lolote juu ya meko hayo. Siku ya kwanza anapowasha moto, chumba hujaa moshi. Basi meko huachwa yakawa mahali pa kuwekea vitabu, na jiko la mkaa huingizwa chumbani. Uamuzi huo huonekana kuwa wa busara, kumbe ndio wenye hatari.

Moshi kurudi chumbani si dalili kwamba meko ni mabovu. Dohani hufanya kazi kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi. Hupanda juu, na hewa safi ya chumbani huingia katika moto kushika nafasi yake. Lakini dohani ambayo haijatumika kwa muda mrefu imejaa hewa baridi na nzito. Hewa hiyo ni kama kizibo: moshi wa kwanza huigonga ukarudi ulikotoka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuwasha kuni, bali ni kuikagua dohani. Ndege hupenda kujenga viota humo, na masizi ya miaka iliyopita huweza kuiziba au hata kushika moto. Ikiwa kuna kilango cha chuma kwenye koo la dohani, sharti kifunguliwe wazi. Baada ya hapo huwashwa karatasi iliyokunjwa na kushikwa karibu na koo hilo kwa muda mfupi, ili hewa iliyo ndani ipate joto na kuanza kupanda. Ndipo hufuata vijiti vikavu, kisha kuni nyembamba, na mwisho magogo. Katika meko mapya moto wa siku za kwanza uwe mdogo, kwani udongo na saruji bado vina unyevu, na joto kali la ghafla huvipasua.

Kuni nazo zina kanuni yake. Karibu nusu ya uzito wa mti uliokatwa sasa hivi huweza kuwa maji. Anayechoma kuni mbichi hutumia sehemu kubwa ya moto wake kuchemsha maji hayo, na moshi wake mzito hugandisha utomvu mweusi ndani ya dohani. Kuni zifaazo ni zile zilizopasuliwa na kuanikwa chini ya paa kwa miezi mingi, hadi maji yake yawe chini ya asilimia 20.

Wapo wanaosema kwamba meko ya ukutani ni anasa, tena yanapoteza kuni. Hoja hiyo ina ukweli. Sehemu kubwa ya joto la meko yaliyo wazi hupotelea angani kupitia dohani. Mwanasayansi Benjamin Thompson, ajulikanaye pia kama Count Rumford, alieleza jambo hilo katika maandishi yake ya mwaka 1796, akashauri koo la dohani lipunguzwe na kuta za ubavuni zijengwe kimshazari ili zirudishe joto chumbani. Siku hizi jiko la chuma lenye mlango na dohani yake hutumia kuni vizuri zaidi. Lakini kasoro ya meko ni kupoteza joto. Kasoro ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni kupoteza maisha.

Mkaa unaowaka bila moshi hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hii hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, hulegea, na akiwa usingizini huenda asiamke tena. Wazee waliota moto ndani ya nyumba za nyasi, ambazo paa lake lilipitisha moshi na upepo. Nyumba ya leo ina bati, dari na madirisha ya vioo. Desturi imebaki ileile, ila nyumba imebadilika. Wahenga walinena kwamba panapofuka moshi pana moto. Leo yafaa kuongeza kwamba pasipofuka moshi huenda pana sumu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Vingi kati ya hivyo hutokana na maradhi ya moyo, ubongo na mapafu, yanayoletwa na moshi wa jikoni unaovutwa mwaka hadi mwaka. Sumu ya mkaa huua kwa usiku mmoja, lakini dawa ya yote mawili huanzia mahali pamoja: moto usikae ndani bila njia ya kutokea hewa yake.

Hivyo, katika wilaya za baridi, nyumba isiyo na njia ya moshi isihesabiwe kuwa imekamilika. Mafundi wajifunze kujenga dohani inayovuta, na kila anayekabidhiwa funguo za nyumba yenye meko aelezwe pia namna ya kuwasha moto wa kwanza. Maelezo hayo huchukua dakika chache tu, na mahali pake ni kabla ya usiku wa kwanza wa baridi.